Jumba Dogo la Sanaa Mlimani Makerere

Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai. Usemi huo hutajwa sana njiani, lakini wachache huukumbuka wafikapo mjini. Askari aliyepewa likizo ya siku chache, akateremka Kampala na mkewe na watoto akielekea kwao, hujikuta amezungukwa na haraka ya kila namna. Kituo cha teksi kina makelele, maduka yana msongamano, na fedha za safari hupungua kabla jua halijafika utosini. Jioni watoto wakiulizwa wameona nini Kampala, hujibu kwamba wameona magari.

Hali pana mahali, juu ya mlima ulio karibu na mji, ambapo mtu aweza kukaa saa nzima bila ya kusukumwa. Ni jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha Makerere, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwenye Shule ya Sanaa iitwayo kwa jina la Margaret Trowell. Ni dogo, wala halimchoshi mtoto au mzee. Mara nyingi mgeni huweza kusikia nyayo zake mwenyewe sakafuni. Wapo wadhanio kwamba mahali kama hapo pamewekewa wasomi na watalii peke yao, na kwamba mke wa konstebo aliyebeba mtoto mgongoni hana la kufanya humo. Dhana hiyo huwanyima watu haki yao, kwa kuwa vitu vilivyomo vilitengenezwa na watoto wa wakulima na wafugaji wa nchi hizi, na habari zake ni habari za nyumbani.

KIBARAZA CHA MULAGO

Historia ya jumba hili ilianza kabla ya kuta zake. Mwaka 1935 Margaret Trowell, mwalimu wa sanaa kutoka Uingereza, alihamia Uganda pamoja na mumewe aliyekuwa daktari. Mwaka 1937 alianza kuwafundisha vijana wachache katika kibaraza cha nyumba yake pale Mulago. Darasa hilo halikuwa na jengo lake. Hata hivyo, ilipofika mwaka 1939 kazi za wanafunzi wa Uganda zilikuwa zimekwisha kuonyeshwa London, na darasa la kibarazani likakua hatua kwa hatua hata likawa shule kamili katika chuo cha Makerere.

Namna aliyoitumia mwalimu huyo yastahili kukumbukwa. Hakutaka wanafunzi wake wanakili picha za Ulaya. Aliwasimulia jambo kwa maneno, kama vile watu wakirudi sokoni wakati wa mvua au wanakijiji wamekusanyika kumlilia maiti, nao wakaliona jambo hilo akilini kabla ya kuligusa karatasi. Kisha kila mmoja alichora alichokiona yeye. Kwa njia hiyo kijana aliyetoka katika migomba alichora migomba aliyoijua, na yule wa nchi ya nyasi alichora ng'ombe kwa pembe zao halisi.

Mwaka 1958 Trowell alistaafu, na mahali pake pakashikwa na Cecil Todd, ambaye alitia mkazo zaidi katika elimu ya rangi na kuchora vitu jinsi jicho linavyoviona. Miongoni mwa walimu wa enzi hiyo alikuwamo Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora, ambaye baadaye alipata sifa kwa vitabu vyake juu ya wanyama wa Afrika Mashariki. Walimu hao wawili wakuu hawakukubaliana katika njia, na mgeni mwenye subira huweza kuiona tofauti hiyo katika kazi za nyakati mbalimbali. Picha nyingine zasimulia kisa. Nyingine zapima mwanga na kivuli.

WATU WA MLIMA HUO

Makerere ya siku zile ilikuwa chuo cha Afrika Mashariki nzima, na shule yake ya sanaa iliwakusanya vijana waliozaliwa mbali. Gregory Maloba alitoka magharibi ya Kenya, naye alikuwa mmoja wa wanafunzi wa mwanzo kabisa wa Trowell, kisha akawa mwalimu. Kazi yake moja haihitaji hata kupanda mlima, kwa maana imesimama katikati ya Kampala, kando ya Barabara ya Speke. Ni mnara wa Uhuru wa mwaka 1962. Askari wengi wameupita wakiwa zamuni bila kuutazama sana. Mama amesimama, mwili wake umezungushiwa vitambaa kama mtu aliyefungwa, naye amemwinua mtoto juu, na mtoto amenyosha mikono hewani. Aliyefungwa ni mama, na aliye huru ni mtoto. Mzazi yeyote aliyejinyima ili mwanawe asome ataufahamu mnara huo bila ya kuelezwa na mtu.

Sam Ntiro alizaliwa mwaka 1923 katika nchi ya Wachagga, chini ya Kilimanjaro. Alisoma Makerere, akafundisha hapo, tena akapata elimu zaidi London. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 alipelekwa Uingereza kuwa balozi wake wa kwanza huko. Lakini katika picha zake hakuna makasri wala mabwana wa London. Pana vilima, migomba, nyumba za kijiji na watu wengi wadogo wadogo wafanyao kazi kwa pamoja. Mwaka 1960 jumba kubwa la sanaa za kisasa la mji wa New York lilinunua picha yake ya mwaka 1956, ionyeshayo wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi wakati wa usiku. Jambo ambalo kijana wa kijijini angeliona kuwa la kawaida, watu wa mbali waliliona kuwa lastahili ukuta.

Wa tatu ni Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu mwaka 1932. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora picha tano kubwa ukutani katika kanisa la Murang'a nchini Kenya, kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa siku za Hali ya Hatari. Katika picha hizo habari za Yesu, tangu kuzaliwa hata msalabani, zimewekwa katika mandhari ya Kiafrika, na watu wake ni Waafrika. Mwaka 1965 Njau alikuwa miongoni mwa walioanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi, jumba jingine la sanaa. Fundisho lake kwa vijana lilikuwa kwamba wasiige.

Majina hayo matatu yametajwa hapa ili msafiri ajue ni watu gani waliotokea katika shule ile. Hapana budi kuongeza kwamba kazi zitundikwazo ukutani hubadilishwa mara kwa mara, kwa kuwa ghala la jumba lina vitu vingi kuliko kuta ziwezavyo kubeba. Anayekwenda kwa ajili ya jina moja tu aweza kulikosa. Anayekwenda kutazama hatakosa la kutazama.

MTI USIOANGUKA

Katika chuo hicho hicho, kwenye maktaba kuu, pana kazi moja ambayo mtu wa jeshi au polisi hapaswi kuipita. Ni sanamu kubwa ya mti iliyochongwa na Francis Nnaggenda katika miaka ya 1980. Nnaggenda alizaliwa Uganda mwaka 1936, akajifunza sanaa Ulaya, akafundisha Nairobi, kisha akarudi Makerere mwaka 1978. Kwa Kiswahili jina la sanamu hiyo ni Mhanga wa Vita.

Wakati ilipochongwa nchi ilikuwa imetoka katika vita vya mwaka 1979 na kuingia katika vita vingine vilivyokwisha Kampala mwaka 1986. Sanamu haina bunduki, haina bendera, wala haisemi nani alimpiga nani. Ni mwili wa binadamu uliopotewa na viungo, nao umebaki wima. Mti ule mnene haukulainishwa ili umpendeze mtazamaji.

Afisa aliyewahi kumtembelea mwenzake hospitalini baada ya mapigano atajua maana ya mwili ule. Mke aliyempokea mume akitembea kwa magongo ataijua zaidi. Mara nyingi katika nyumba za askari mambo hayo hayasemwi. Baba hurudi, chakula huandaliwa, redio hufunguliwa, na yaliyotokea hufunikwa kama majivu yafunikavyo kaa. Mbele ya kazi kama hiyo watu wawili waweza kusimama bega kwa bega na kutazama kitu kimoja, bila mmoja kumlazimisha mwenziwe azungumze. Pengine mmoja atatamka neno moja njiani wakati wa kuteremka, na neno hilo huenda likawa lilisubiriwa kwa miaka.

JICHO LA ZAMU

Wengi husema kwamba hawajui kuitazama sanaa. Askari hana udhuru huo, kwa sababu kazi yake yenyewe ni kutazama. Mlinzi wa usiku hufahamu kivuli kilichohama na kichaka kisichokuwapo jana. Konstebo huandika rangi ya shati na urefu wa mtu aliyemwona kwa dakika moja. Jicho hilo limekwisha kufunzwa. Tofauti ni kwamba lindoni jicho hutafuta hatari, na katika jumba la sanaa halitafuti adui. Laweza kupumzika huku likifanya kazi, na pumziko la namna hiyo ni nadra.

Njia iliyo bora ni kuzunguka chumba mara ya kwanza kwa mwendo wa kawaida bila kusimama sana. Baadaye kila mmoja katika familia achague kazi moja iliyomvuta, hata kama hajui sababu. Mara ya pili wote wasimame mbele ya kazi hiyo kwa dakika tano. Dakika tano ni ndefu kwa mtu asiyezizoea. Katika dakika ya kwanza huonekana watu na vitu. Katika ya pili huonekana rangi, na mahali mwanga utokapo. Katika ya tatu mtazamaji huanza kujiuliza kwa nini yule mwanamke wa pembeni amegeuza uso, au kwa nini mlango ule umeachwa wazi.

Kikaratasi kilichobandikwa kando ya kazi kisomwe mwishoni. Kwa kawaida huandikwa jina la msanii, jina la kazi, mwaka na vitu vilivyotumika, kama vile rangi za mafuta juu ya turubai, udongo uliochomwa au mti wa mvule. Akikisoma mapema, mtu huridhika na jina na kuacha kutazama. Akikisoma baadaye, hulinganisha mawazo yake na ya mtengenezaji, na yakitofautiana si kosa.

Vitu vilivyotumika vyenyewe vina mafunzo. Wasanii wa Uganda wametumia hata lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba, badala ya turubai. Fundi hubambua gome, hulilainisha, kisha huliponda kwa nyundo za mti zenye mistari mpaka litanuke na kuwa nguo pana yenye rangi ya udongo mwekundu. Mti uliobambuliwa hufungwa majani ya migomba, nao huota gome jipya. Nguo hiyo ndiyo ivikwayo maiti katika Buganda, na mwaka 2005 shirika la UNESCO liliutangaza ufundi wake kuwa miongoni mwa hazina za binadamu wote. Msanii achoraye juu ya lubugo huanza na nguo ambayo tayari ina maneno. Bibi mzee aliyevikwa kanga, asiyejua kusoma kikaratasi, aweza kumweleza mjukuu wake habari za nguo ile kuliko kitabu.

ADABU ZA NDANI

Jumba la sanaa lina desturi chache, nazo si ngumu kwa watu waliozoea nidhamu. Mizigo ya safari iachwe mlangoni kwa mhudumu, maana begi la mgongoni huweza kuangusha sanamu mwenyewe akigeuka. Kazi zisiguswe ila pale ruhusa inapotolewa. Katazo hilo si la kiburi. Mkono safi huwa na jasho na mafuta, na mikono ya watu elfu hula rangi kama mvua ilavyo ukuta wa udongo. Kabla ya kupiga picha mhudumu aulizwe, na taa kali ya kamera isitumike. Chakula na maji yabaki nje.

Mtoto mdogo ashikwe mkono, lakini asinyamazishwe kabisa. Swali la mtoto lililoulizwa kwa sauti ya chini halivunji utulivu wa jumba. Akichoka atolewe nje kwenye kivuli, kwa maana saa moja inatosha, na mtoto aliyelazimishwa saa tatu hatataka kurudi tena maishani mwake.

Kufika huko si kazi kubwa. Teksi za kwenda Wandegeya hupatikana katikati ya mji, na kutoka Wandegeya mlima wa Makerere uko karibu. Langoni msafiri aeleze aendako na kuulizia Shule ya Sanaa. Ni vema kwenda siku ya kazi, na wakati wa mchana. Mwenye nafasi zaidi aweza pia kuona jumba la Nommo lililoko Nakasero, ambalo lilianzishwa mwaka 1964 na ni mali ya umma.

MKAA NA UKUTA WA KOTA

Ziara ya namna hii haina budi kuendelea nyumbani. Watoto wa askari na polisi hukua katika uhamisho. Leo wako Jinja, mwakani wako Gulu au Moroto, na kila kota waingiamo ina kuta zile zile zisizo na alama yao. Mtoto wa mkulima huonyeshwa mwembe uliopandwa na babu yake. Mtoto wa kambini ataonyeshwa nini? Hapo ndipo mama aweza kutumia njia ya kibaraza cha Mulago, nayo haihitaji fedha.

Jioni, kazi zikiisha, watoto waketishwe na kuambiwa wafumbe macho. Mama au baba asimulie jambo moja fupi alilolishuhudia, kama vile siku ya mavuno kwa bibi, kivuko kilipojaa watu, au asubuhi ya gwaride. Ataje rangi, sauti, hali ya hewa, na nani alisimama wapi. Akimaliza, wafumbue macho na kuchora walichokiona, kwa penseli, au kwa kipande cha mkaa wa jikoni juu ya karatasi ya kufungia sukari. Picha za watoto watatu zitatofautiana, ingawa simulizi lilikuwa moja. Zisisahihishwe. Kila moja iandikwe jina, mahali na mwaka, kama ilivyo desturi ya jumba la sanaa, kisha ziwekwe katika sanduku lililo kavu.

Baada ya uhamisho wa nne au wa tano, sanduku hilo litakuwa ndilo mwembe wa familia. Mtoto atafungua na kumwona nyanya yake shambani, mto aliouvuka akiwa na miaka sita, na baba yake akiwa kijana mwenye vyeo viwili begani. Baba naye, ambaye kazi yake humnyima maneno mengi, atakuwa amewaachia watoto wake mambo aliyoyaona.

ILI JUMBA LISIFUNGIKE

Vitu vya sanaa havidumu kwa nguvu zao wenyewe. Mti huliwa na mchwa, karatasi huingiwa na unyevu, na rangi hubanduka. Katika miaka ya 1971 hadi 1979, chini ya utawala wa Idi Amin, walimu na wasanii kadha waliikimbia nchi, na vifaa vya kazi vikawa adimu. Vita vilivyofuata viliongeza uharibifu. Kwamba bado pana kitu cha kutazama mlimani Makerere ni kwa sababu walikuwapo watu waliofunga milango, wakapangusa vumbi, wakabandika upya kilichobanduka, pasipo kupewa nishani yoyote.

Watunzaji hao huhitaji msaada wa aina moja ambao kila mtu aweza kuutoa, nao ni kufika. Jumba lisilo na wageni huonekana kana kwamba halina kazi, na siku moja mtu mwenye kalamu ataona kwamba chumba chake chafaa kuwa ofisi. Lakini kitabu cha wageni kikionyesha kwamba mwezi huu alipita koplo na watoto wanne, mwezi ujao mke wa inspekta na dada yake, na mwezi wa tatu wanafunzi wa shule ya kambi pamoja na mwalimu wao, hakuna atakayeweza kusema kwamba wananchi hawalihitaji.

Mwacha asili ni mtumwa, na asili haiachwi kwa ubaya wa moyo tu. Mara nyingi huachwa kwa haraka, kwa kupita mbele ya mlango bila kuingia. Msafiri mwenye saa moja mkononi mjini Kampala amekwisha kuwa na wakati wa kutosha.